Maji ya Meli: Usiamini Fomu, Soma Logi

Wadau, najua mtaniuliza: mtu wa Moiben, kwenye mahindi na ngano, meli zinamhusu nini? Mbolea yetu hupitia Mombasa, ndiyo zinanihusu. Meli ikishashusha mzigo huwa nyepesi, hivyo huvuta maji ya bahari matangini isiyumbe njiani. Uzito huo huitwa farumi. Ikifika inakokwenda kupakia, huyamwaga pamoja na mwani na vitoto vya kaa wa Mombasa. Na meli inayokuja kwetu kuchukua mzigo hutumwagia vya kwao.

Kome wadogo wenye milia kama ya punda walionekana Ziwa St. Clair, Amerika Kaskazini, mwaka 1988. Waliletwa hivyo, wakaziba mabomba ya maji. Gugu maji la Ziwa Victoria halikuletwa na farumi, lilipendewa ua lake, lakini tangu lionekane upande wa Kenya karibu mwaka 1990 limeng'olewa, limekatwa kwa mashine, limeachiliwa wadudu walile, na bado lipo. Sisi wa programu mambo yakiharibika tunarudisha toleo la jana. Ziwani hakuna kitufe hicho!

Sheria ipo. Mkataba wa IMO wa 2004 ulianza kutumika Septemba 8, 2017, na Kenya ni mwanachama. Tangu Septemba 2024 maji yanayomwagwa yanatakiwa kuwa na viumbe hai chini ya 10 wa mikromita 50 au zaidi kwa kila mita ya ujazo. Mitambo mingi huchuja maji kisha huyapiga miale ya urujuanimno. Maji yakiwa na tope miale haipenyi vizuri, na baharia mwenye haraka anaweza kuyapitisha kando ya mtambo.

Sasa, mkaguzi akipanda melini huanza na cheti na daftari la farumi. Daftari limejazwa na watu wa meli wenyewe. Jamani, nani kati yetu huamini kila kinachojazwa kwenye fomu? Mtambo una logi yake, inayotakiwa kuhifadhiwa angalau miezi 24. Meli nayo hutangaza mahali ilipo kwa AIS. Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) ilinganishe hivyo vitatu kabla meli haijafunga gati, na ile ambayo hadithi zake hazipatani ichukuliwe sampuli kwanza. Si kazi ya seva za mamilioni, ni faili tatu na kijana mmoja wa Python. Sampuli yenyewe, hiyo bado inataka mtu mwenye darubini.