Binti Anapokwenda Mji Asioujua



Mwezi huu tuzungumze habari ya ile karatasi inayotoka shuleni ikiwa imekunjwa ndani ya daftari: binti amechaguliwa kuingia katika timu, na timu inakwenda kucheza Dar es Salaam. Tena si netiboli tuliyoicheza sisi wenyewe tulipokuwa wasichana. Ni mpira wa magongo, ambao wengi wetu huku Ugweno hatujawahi kuuona.

Mama anaisoma karatasi ile, kisha anaificha. Anajua baba atakachosema: "Msichana aende Dar kufuata mpira?" Na moyoni mwake yeye mwenyewe anaogopa. Mji ni mkubwa, mtoto hajawahi kuvuka Same, na habari za mabinti walioharibikiwa mjini tumezisikia sote. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Swali ni moja tu: tuitumie kwa kazi gani?

Mchezo wenyewe

Ni vigumu kuruhusu jambo usilolijua. Basi, mpira wa magongo huchezwa na timu mbili, watu 11 kila upande, kila mmoja na gongo lililopinda kwenye ncha. Mpira ni mdogo na mgumu. Hupigwa kwa upande bapa wa gongo tu, na ni kipa peke yake anayeruhusiwa kuuzuia kwa mguu. Kwa sababu ya ugumu wa mpira huo, mchezaji huvaa kinga ya ugoko na kinga ya meno. Mwulize mwalimu kama vitu hivyo vipo.

Wala si mchezo wa wanaume peke yao. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, wanawake waliucheza kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo. Zimbabwe, iliyokuwa imepata uhuru Aprili mwaka huohuo, ilikusanya timu yake katika muda wa wiki chache. Wachezaji wake hawakuwa wamewahi kucheza kwenye nyasi za bandia. Wakarudi nyumbani na medali ya dhahabu.

Vijana wa kiume wa Tanzania nao walikuwako Moscow mwaka huo kwa mchezo huohuo. Walifungwa mechi zao zote, na India iliwafunga mabao 18 kwa 0. Timu mbili za Afrika, mji mmoja mgeni: moja imerudi na dhahabu, nyingine mikono mitupu. Basi tusimruhusu mtoto kwa tamaa ya kikombe, wala tusimzuie kwa kuogopa kushindwa. Tumruhusu kwa kuwa kuna mambo mtoto hujifunza akiwa mbali na jiko la mama yake: kutunza vitu vyake, kumtii kiongozi asiye mzazi, na kushindwa bila kutukana.

Walidhani yumo msafarani

Tukumbuke wazazi wengine wa kijijini waliompeleka mtoto mjini. Mariamu na Yusufu walitoka Nazareti kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, na Yesu alikuwa na miaka 12. Wakati wa kurudi, walitembea mwendo wa siku nzima bila yeye, wakidhani yumo katika msafara pamoja na ndugu na jamaa. Walipomkosa walirudi mjini, na walimpata baada ya siku tatu, hekaluni.

Mama yeyote anaweza kuwaza siku zile tatu zilivyokuwa. Wazazi hao walikuwa wacha Mungu, na msafara ulikuwa wa watu wema. Lakini walidhani. Nasi hudhani vilevile: mwalimu atakuwepo, mjomba atampokea, hela zitatosha. Kudhani si imani. Imani haimkatazi mama kuuliza.

Maswali ya kuuliza kabla ya safari

Nendeni shuleni, ikiwezekana baba na mama pamoja, mkaulize haya. Je, yupo mwalimu wa kike atakayefuatana na wasichana safari nzima? Watalala wapi, na nani atalala karibu nao? Namba ya simu ya mwalimu ni ipi? Nani atawapokea stendi?

Kutoka milimani kwetu mtoto atateremka kupitia Kikweni hadi Mwanga, kisha ni karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Basi humfikisha kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Hapo watu watamzunguka wakitaka kumbebea begi. Mwambieni asimpe mtu asiyemjua, na asiachane na wenzake hata kwa kwenda chooni. Ni vema basi lifike kabla ya giza.

Afungashe nguo nyepesi, maana joto la pwani si baridi ya Ugweno, na anywe maji mara kwa mara hata kabla ya kusikia kiu. Mwekee pedi, hata kama siku zake bado. Hela ya kurudia akabidhiwe mwalimu. Namba zenu za simu azijue kwa kichwa, kwa kuwa simu huibwa na chaji huisha.

Lipo na neno gumu ambalo mama asimwachie mtu mwingine kulisema. Mwambie binti yako waziwazi kwamba mwili wake ni wake, na kwamba hakuna mkubwa mwenye haki ya kumshika, awe kocha, awe dereva, awe hata ndugu yetu wa damu anayeishi huko. Likitokea jambo, apige kelele, na aseme nyumbani. Mwahidi kwamba hutampiga wala hutamlaumu kwa kusema.

Kama shule ina majibu, mpelekee baba majibu hayo saa ya utulivu, baada ya chakula, pamoja na ile karatasi. Baba wengi hukataa kwa sababu nao wanaogopa. Na kama shule haina majibu, mzuie binti bila haya, ukimweleza sababu. Hapo hukumnyima safari, umekataa kudhani.

Akirudi

Usianze kuuliza walifungwa ngapi. Mpe maji ya kuoga, mpakulie makande, kaa karibu naye. Habari zitakuja zenyewe, nyingine usiku huo, nyingine baada ya wiki. Sikiliza zaidi ya kusema. Yesu aliporudi Nazareti aliendelea kuwatii wazazi wake, na mama yake aliyatunza moyoni mambo aliyoyasikia kule mjini, hata yale asiyoyaelewa bado. Hiyo nayo ni kazi ya mama.

Jioni moja kabla ya safari, someni pamoja Luka 2:41–52, na binti mwenyewe awasomee. Kisha baba amwombee, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto.

Bwana awalinde watoto wetu katika kutoka kwao na kuingia kwao. Amina.