Hakuna Aliyejitakia Sumu

Jeneza la kijana linapopita njia panda ya Gatitu kuelekea shambani kwao, hukumu huwa imekwisha kutolewa: amejitakia. Utaisikia kwa wahudumu wa bodaboda, kwa mama mboga, kwa mwalimu mstaafu aliyewahi kumfundisha marehemu kusoma, hata kwa mchungaji akishafunga Biblia yake. Familia nayo, kwa aibu, hutangaza redioni kwamba kijana wao aliugua kwa muda mfupi. Hakuna anayeuliza aliugua nini, nani alimuuzia, na chupa ile ilitoka wapi. Naipinga hukumu hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nimeona inavyofanya kazi katika kaunti hii ya Nyeri na kote Mlima Kenya: inamfunika muuaji.

Wanaoiamini wanasema vijana wetu wanakufa kwa tabia zao. Wanakunywa kwa uvivu, wanaingia magenge kwa tamaa, wanaandamana barabarani kwa utundu, na yanayowapata huko ni malipo ya walichokitafuta. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni wachapakazi, wamelea watoto kwa kahawa na maziwa, wamejinyima ili kulipa karo. Ndiyo sababu imani hii imeota mizizi. Ingekuwa ya waovu peke yao, ingekwisha kung'olewa.

Tuchukue Kangai. Februari 2024, katika kijiji hicho cha Kirinyaga, watu 17 walikufa baada ya kunywa pombe iliyouzwa kwenye baa ya hapo hapo kijijini. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Kisha maafisa wa serikali wenyewe wakaeleza kwamba pombe hiyo ilikuwa imekwisha kunaswa na polisi, ikawekwa katika kituo cha Kiamaciri kama kielelezo cha kesi, halafu ikaibwa huko na kurudi sokoni. Dola ilikuwa nayo mikononi. Ilikuwa chini ya kufuli yake na askari wake wenye bunduki. Ikatoka, ikapita kwa wafanyabiashara, ikafika kaunta, na wa mwisho kabisa kuigusa ni kibarua aliyetoka shambani na shilingi zake chache. Katika mlolongo mzima huo, mtu pekee tunayemwambia alijitakia ni huyo wa mwisho.

Najua jibu lililozoeleka: hakuna aliyemshika mdomo akamnywesha. Basi na tuseme wazi jinsi kifo hicho kinavyokuja. Pombe ya kawaida ni ethanoli. Kinachoua ni methanoli, kemikali ya viwandani inayotumika kuyeyushia rangi na kazi nyingine za namna hiyo, ambayo mfanyabiashara huichanganya kwa sababu ni rahisi na inalewesha. Kwa macho, kwa pua na kwa ulimi, mnywaji hawezi kuitofautisha na ethanoli. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho. Dalili zinaweza kuchelewa nusu siku au hata siku nzima, kwa hiyo mtu anaweza kulala akijiona mzima, akaamka asione mlango. Vijiko vichache vinatosha kupofusha. Aliyenunua kipimo cha pombe amenunua pombe, hata kama ni mlevi wa kupindukia. Hakununua methanoli, kama vile anayenunua unga wa mahindi wenye sumukuvu hakununua saratani ya ini. Kwa mla ugali tunadai Shirika la Viwango liwajibike. Kwa mnywaji tunatikisa kichwa.

Tena sumu hii ina dawa. Madaktari wanaweza kumpa mgonjwa ethanoli safi kwa kipimo, au dawa iitwayo fomepizoli, ili kuzuia ini lisitengeneze ile asidi, kisha wakasafisha damu kwa mashine. Akifikishwa mapema anaweza kupona. Lakini lazima mtu amfikishe, naye mpita njia akimwona amelala mtaroni husema ni mlevi tu, atalala azinduke. Hapo ndipo hukumu yetu inapoacha kuwa maneno na kuanza kuhesabika miongoni mwa vilivyoua.

Orodha ni ndefu, na wenye umri wangu wanaikumbuka. Novemba 2000, pombe haramu ya kumikumi iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mwaka 2005 ikawa Machakos. Mei 2014 makumi ya watu wakafa Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko katika muda wa siku chache tu. Kila mara jibu limekuwa msako. Julai 2015, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuamuru pombe ya bei rahisi imalizwe, wabunge wa eneo hili waliongoza umati wa watu kuvunja baa na maghala. Mali ya waliokuwa na leseni ikaharibiwa pamoja na ya wasiokuwa nazo, na pombe ile ile iliyodaiwa kuwa sumu ikaporwa na kunywewa. Mwaka 2023 Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, mzaliwa wa Mathira, alitaka kila mji wa huku ubaki na baa moja. Machi 2024, baada ya Kangai, waziri wa usalama Kithure Kindiki alitangaza masharti mapya. Na umati uliofundishwa na mbunge mwaka 2015 kwamba unaweza kuvunja mlango wa mtu kwa jina la kuokoa vijana hausahau somo hilo hasira yake inapogeukia kwingine.

Halafu kuna uongo ulio chini ya yote, kwamba sisi wa Mlima ndio walevi wa Kenya. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya kila wanane wa miaka 15 hadi 65 anatumia pombe. Kanda ya Magharibi iliongoza kwa asilimia 23.8, ikafuatwa na Pwani kwa 13.9. Kanda ya Kati ilikuwa na 12.8, yaani karibu sawa na nchi kwa jumla. Asilimia hiyo bado ni watu wengi mno, na sitaki mtu aitumie kupuuza kilio cha wake na mama wanaofunga maduka saa tisa alasiri ili wakatafute waume na wana wao. Wanawake hao wanabeba nyumba nzima, na mara nyingi ndio wanaopigwa usiku. Lakini hizo si takwimu za kabila lililooza. Sifa hiyo tumepachikwa, na tukaipenda, kwa sababu inatuondolea kazi ya kuuliza kuhusu ardhi na ajira.

Kulaumu vichwa vya vijana pale wanapolalamikia mashamba ni desturi ya zamani huku. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akiyaeleza maasi ya Mau Mau kuwa ni mvurugiko wa nafsi ya Mkikuyu aliyepoteza mila zake. Mwaka huo huo ulianza mpango wa Swynnerton, uliokusanya vipande vya ardhi na kuvitolea hati. Waliokuwa vizuizini na msituni hawakuwepo ugawaji ulipofanyika, na wengi walirudi wakakuta hawana pa kulima. Wajukuu wao ndio wanaogawana robo ekari leo, au wanaosimama stegi tangu alfajiri wakisubiri kuitwa kibarua. Kahawa, iliyowajenga baba zao, imeporomoka: kutoka takriban tani 130,000 kwa mwaka nchini mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya nusu ya hizo. Maneno ya mkoloni tuliyakataa uhuru ulipokuja, kisha tukayaokota na kuwasemea watoto wetu.

Yaliyotokea katika ulevi yalitokea pia katika magenge. Mungiki ilipoanza kuvuna vijana wasio na ardhi wala kazi, ilikuwa na ukatili wa kweli. Ilitoza matatu kwa nguvu, ilikata watu vichwa. Usiku mmoja wa Aprili 2009 huko Gathaithi, karibu na Karatina, watu 29 waliuawa baada ya wanakijiji kuunda vikundi vya kuwasaka waliodhaniwa kuwa wafuasi wake. Siwatetei hata kidogo waliowaua. Ila kabla ya usiku huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwisha kuandika, mwaka 2008, kuhusu watu karibu 500 waliouawa au kupotea mwaka 2007 mikononi mwa waliodhaniwa kuwa polisi, na Februari 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, akathibitisha kwamba vikosi vya mauaji vilikuwepo. Vijana wengi waliotupwa vichakani walikuwa wa nyumba zetu. Nani aliandamana Nyeri kwa ajili yao? Tulisema ni Mungiki, wamejitakia. Hakuna mahakama iliyowahi kutuambia yupi alikuwa Mungiki na yupi alikuwa kondakta tu. Na genge lenyewe halikufa kwa risasi zile. Lilipata mashahidi wake na hadithi ya kuwasimulia wadogo.

Kibali hicho cha kuua hakikuishia kwao. Tulipokubali kwamba yupo kijana anayeweza kuuawa bila maswali, aliyeshika bunduki ndiye aliyebaki na uhuru wa kuchagua ni yupi. Katika maandamano ya vijana ya 2024 tume hiyo hiyo ya haki za binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa. Tarehe 7 Julai 2025, Sabasaba, zaidi ya 30 wakauawa kwa siku moja. Siku mbili baadaye Rais William Ruto akasema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu kabla ya kufikishwa kortini. Sasa majeneza yalitoka hata kwa wenye hati na magari, wazazi wakalia kwamba watoto wao walikuwa na digrii na simu tu mkononi. Ni kweli. Hata wa mwaka 2007 walikuwa na mama. Chuo cha polisi kiko Kiganjo, mwendo mfupi kutoka hapa Gatitu. Askari wanaofuzu pale wanaisikia lugha yetu sokoni, wanajua ni nani tutamlilia na nani hatutamlilia.

Nasisitiza kwamba kijana ana dhamana juu ya maisha yake. Aliyekunywa karo ya mtoto wake ana deni kwa mtoto huyo, na aliyeshika panga ana kesi ya kujibu. Dhamana ya namna hiyo huulizwa mbele ya mtu aliye hai, nyumbani au kortini. Aliyekufa hawezi kujibu, na kumtupia lawama yote ni kuwaachilia waliobaki hai na kibunda cha fedha.

Nyeri inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji Nairobi. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na leseni za baa hutolewa na kaunti. Bajeti inapoandaliwa Katiba inataka wananchi washirikishwe, na mwakilishi wa wadi yetu ya Gatitu/Muruguru hukaa mbele yetu kutusikiliza. Mwaka huu asiulizwe kuhusu taa za barabarani pekee. Aulizwe kama hospitali ya rufaa ya kaunti ina dawa ya methanoli usiku wa Jumamosi, na kama muuguzi wa zahanati amefundishwa kumtambua mgonjwa aliyenyweshwa sumu hiyo. Aulizwe ni baa ngapi za wadi hii ambazo pombe yake imepimwa katika maabara, na majibu yalibandikwa wapi. Aulizwe kituo cha kutibu uraibu kiko wapi na mtu asiye na pesa anaingiaje. Na kwa kila kijana atakayezikwa na tangazo la kuugua kwa muda mfupi, familia iombe uchunguzi wa maiti, sisi majirani tuchange gharama kama tunavyochangia jeneza, na ripoti ipelekwe kwa polisi ikiwa na jina la baa.