JE, IDADI YA MAUZO YATOSHA KUHUKUMU MCHEZO?



Siku hizi ubishi juu ya michezo ya video hauishi katika mabweni yetu. Mmoja husema mchezo fulani umefaulu kwa kuwa umeuza nakala milioni kadhaa. Mwenziwe hujibu kwamba umeshindwa, maana kampuni yenyewe imesema hivyo. Mimi naona wote wawili huhukumu upesi mno.

Chukueni mfano wa Tomb Raider, uliotoka mwezi wa Machi 2013. Ulitengenezwa na Crystal Dynamics, mafundi wa California, ukatolewa na kampuni ya Square Enix ya Tokyo. Katika majuma ya kwanza ziliuzwa nakala milioni 3.4. Walakini Square Enix ilitangaza kwamba mauzo hayo hayakufikia matarajio yake, kwani ilitazamia milioni 5 au 6. Mwaka huo wa hesabu kampuni ilipata hasara ya zaidi ya yen bilioni 13, na rais wake, Yoichi Wada, akajiuzulu.

Je, mchezo ulishindwa? Watengenezaji wake walieleza baadaye kwamba hata kabla mwaka 2013 haujaisha ulikuwa umekwisha kuleta faida, na kufikia mwaka 2021 nakala zilizouzwa zilipita milioni 14. Haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, nakala za baadaye huuzwa kwa bei iliyopunguzwa, na kwa hiyo milioni moja ya mwaka wa tano si sawa na milioni moja ya juma la kwanza. Hata hivyo, hukumu ya mwezi mmoja ilikuwa ya haraka.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya jina hilo. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, na kwa siku zile hiyo ilikuwa idadi kubwa. Lakini Atari ilikuwa imetengeneza kama milioni 4, tena ilikwisha lipa fedha nyingi kwa haki ya kutumia filamu hiyo. Masalio mengine yalizikwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, yakafukuliwa mwaka 2014. Fundi aliyeutunga alipewa majuma kama matano tu, na bado watu humcheka yeye kuliko wale walioagiza nakala zote hizo.

Hapo ndipo penye jambo langu. Matarajio hayashuki kutoka mbinguni. Ni makadirio ya watu waliokaa mezani. Makadirio yakikosewa, mchezo mzuri huitwa mbovu, na fundi aliyetimiza wajibu wake huweza kupoteza kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe lina safu zaidi ya moja: gharama, bei, na muda.

Wapo miongoni mwetu wanaotamani kazi hii, na kati yenu mliotutangulia wapo wenye biashara na wafanyakazi. Mtu akiwaletea idadi ya mauzo peke yake, mwulizeni kwanza: alama ya kufaulu iliwekwa na nani, na kwa hesabu gani?

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita