B+ ya binti si B+ ya binamu

Jirani yangu mmoja alinijia jioni moja akiwa amekunja uso, bahasha mkononi. Alikuwa hajasemezana na bintiye kwa siku nne. Binti huyo na binamu yake, mtoto wa ndugu wa jirani yangu, walifanya KCSE mwaka mmoja. Wote walipata B+, na wote waliomba kusomea uhandisi. Mvulana aliitwa chuo kikuu kwa kozi hiyo, msichana akaikosa.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa pana mkono wa mtu. B+ si ni B+?"

Nilimkaribisha chai, kisha nikamwomba zile karatasi mbili za matokeo. Hasira ya mzazi haipoi kwa maneno matupu. Tulichukua kalamu tukapiga hesabu, na leo nataka tuipige pamoja nawe, maana nyumba nyingi huingia baridi kila matokeo yanapotoka kwa sababu ya jambo hili hili.

Kila gredi ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea kushuka hadi E ambayo ni 1. Gredi ya wastani hutokana na masomo saba. Tangu mtihani wa 2023, Hisabati ni lazima ihesabiwe, kisha lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, halafu masomo mengine matano aliyoyapita vizuri. Kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. Ukigawanya jumla yako kwa 7 unapata wastani.

Hapo ndipo mzazi anapokosea mara ya kwanza. B+ si nambari moja. Mwenye jumla ya 67 ana B+, na mwenye 73 pia ana B+. Vivyo hivyo mwenye 46 ana C+, ambayo ni kiwango cha chini cha kujiunga na shahada chuo kikuu, ilhali mwenye 45 ana C na mlango huo umemfungikia. Pointi moja tu!

Lakini watoto hawa wawili walikuwa sawa hata hapo. Mvulana alikuwa na 70, msichana 70. Jirani yangu akapiga meza: "Nilikwambia!"

Nikamwambia, "Polepole, Mzee. Bado hatujafika kwenye mizani yenyewe."

KUCCPS, shirika lililorithi kazi ya JAB ya kugawa nafasi za vyuo, haliangalii gredi ya wastani peke yake. Kila kozi ina kikundi cha masomo manne, yaani klasta. Kwa uhandisi, masomo hayo ni Hisabati, Fizikia, Kemia, na jingine moja, kama vile Biolojia au Jiografia. Manne yakijumlishwa, pointi za juu kabisa ni 48.

Mvulana alipata A ya Hisabati, A- ya Fizikia, B+ ya Kemia na A- ya Jiografia: 12, 11, 10 na 11. Jumla 44. Msichana alipata B- ya Hisabati, B- ya Fizikia, B ya Kemia na A ya Jiografia: 8, 8, 9 na 12. Jumla 37.

Sasa hesabu ambayo walimu wengi huitumia kukadiria uzito wa klasta ni hii. Gawanya jumla ya masomo manne kwa 48. Gawanya jumla ya masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mvulana anapata 41.95. Msichana anapata 38.47. Katika kozi zinazogombaniwa, watu hutenganishwa na sehemu ndogo ya pointi moja; seuze pointi tatu na nusu!

Unaona, msomaji, masomo yale manne hupimwa mara mbili: mara ya kwanza yakiwa miongoni mwa saba, mara ya pili yakiwa peke yake. Hakukuwa na mkono wa mtu.

Jirani yangu alinyamaza. Nikamwomba tugeuze ukurasa. Binti alikuwa na A ya Kiswahili, A ya Jiografia na A- ya Biashara. Ziko kozi za sayansi ya jamii ambazo klasta yake huchukua lugha, Hisabati au sayansi mojawapo, somo kama Jiografia au Historia, na jingine la nne. Tukajumlisha: 12, 9 ya Kemia, 12 na 11. Jumla 44! Uzito wake hapo ni 41.95, sawasawa na wa binamu yake katika uhandisi.

"Nani alichagua uhandisi?" nikauliza.

Alizungusha kikombe kwa muda. "Ni mimi," akasema. "Yeye alitaka mambo ya uandishi wa habari. Nilimwambia huo si usomi."

Ndugu mzazi, kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027, kwa hiyo bado wako wanaohitaji ushauri huu. Kabla ya kujaza machaguo, kaa na mwanao mpige hesabu ya kila klasta anayoifikiria. Linganisheni na pointi za mwisho zilizoingiza wanafunzi mwaka uliotangulia, mkikumbuka kwamba hubadilika kulingana na ushindani. Tazameni pia kama kozi ina gredi ya chini inayotakiwa katika somo fulani, kwani uzito mkubwa hauwezi kuziba pengo hilo. Na kukifunguliwa nafasi ya kubadilisha machaguo, msiipuuze.

La muhimu zaidi, matokeo yakitoka usiishie kuuliza, "Umepata gredi gani?" Uliza pia amefanya vyema wapi. Mtoto si gunia la mahindi, useme kilo ni kilo.

Jirani yangu alipoinuka kwenda, alikunja ile karatasi ya hesabu akaitia mfukoni mwa shati. Kutoka dirishani nilimwona akifika kwake, akisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne akaliita jina la bintiye.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.