Nusu dozi siyo kosa la mama peke yake



Kaa nusu saa kwenye duka la dawa hapa Kiboriloni siku ya soko, utasikia: "Dokta, nipatie amoksi ya buku, mtoto anakohoa." Muuzaji haulizi uzito wala mtoto anahema vipi. Anakata vidonge vichache, mama anarudi kwenye mitumba yake.

Ni rahisi kumlaumu mama huyo. Mimi nasema tuanzie juu. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure. Lakini mama anapoteza siku ya biashara kwenye foleni, mwisho anapewa karatasi akanunue dawa mtaani. Machi 2023 NHIF ikasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, iliyokuwa 50,400 kwa mwaka. Wazazi wakaambiwa wapitie shuleni au vifurushi vya familia. Mtoto wa miezi 8 anasoma shule gani?

Ila tusidanganyane, hata vituo vyetu vinagawa antibiotiki kama karanga. Utafiti wa Mbeya na Morogoro, uliochapishwa 2024, ulikuta kwenye vituo vya kawaida watoto wagonjwa 70 kati ya 100 wanaandikiwa antibiotiki. Mhudumu alipopewa mafunzo, vipimo vidogo na kishikwambi kinachomwongoza hatua kwa hatua, wakashuka hadi 23, na watoto wakapona vilevile. Hiyo ni hapahapa Tanzania, siyo Ulaya.

Mafua na vikohozi vingi ni virusi, amoksi haivigusi. Kuhara majimaji kwa kawaida kunataka ORS na zinki. Tukitumia antibiotiki ovyo bakteria wanazizoea, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli, dawa ya buku inagoma. Hapo ni KCMC, sindano, na mkopo wa kikoba.

Kwa hiyo mkutano ujao wa mtaa usiishie kwenye barabara na maji. Tuulize: leo zahanati yetu ina ORS, zinki na amoksi ya watoto? Mhudumu amepewa nini cha kumsaidia kupima?

Na sisi wazazi vijana: mtoto anahema haraka, kifua kinabonyea, hanyonyi, ana degedege? Mpeleke kituoni sasa hivi, siyo dukani. Ukiandikiwa dozi, imalize.

Kuibana serikali ni haki yetu. Kutoiua dawa ambayo mtoto wa jirani ataihitaji kesho ni wajibu wetu.

Naomba kuwasilisha.