Kwa Baba na Mama: Picha za Noeli za Kutazama Nyumbani



Mama mmoja wa Kwamndolwa, kule Korogwe, ameleta swali ambalo naona ni la wengi. Asema kwamba siku ya Noeli, Misa ikiisha na pilau ikiliwa, watoto hutoweka. Akiwatafuta huwakuta kwenye kibanda cha video, wamebanana kama dagaa, wakitazama watu wakikatana mapanga. Usiku yule mdogo hulia usingizini. Mwaka huu kaka yake anatoka Dar es Salaam na televisheni ndogo na sola yake, basi aulizwa kila siku: tutatazama nini? Naye hajui. Tena bibi yao, ambaye neno la Kiingereza hajui, atakaa papo hapo pamoja nao.

Mama, watafutie picha za kuchora zilizo fupi, kisha awepo mtu wa kuwasimulia. Nasema fupi, maana mtoto aliyeamka alfajiri kwenda Misa hawezi kukaa saa mbili, na betri ya sola haiwezi pia. Picha nitakazozitaja hapa hazizidi nusu saa kila moja.

Hilo la kusimulia si geni Korogwe. Tazameni mlimani, Vugiri. Pale palikuwa na kituo cha kutengeneza senema tangu 1935 hata 1937, chini ya Meja Notcutt, kwa fedha ya Shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga picha za kilimo, za safura, hata za kodi, kisha lori likazichukua Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Nyingi zilimfundisha Mwafrika kana kwamba hajui lolote, na hayo tuyaache. Lakini jambo moja walilifahamu vema. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalitiwa kwenye sahani za santuri, ili watu wa kila nchi waletewe sahani ya lugha yao. Walijua kwamba picha peke yake haitoshi. Basi kwa picha za Noeli, ambazo karibu zote ni za Kiingereza, wewe mama ndiwe santuri.

Kama mtapata moja tu, naomba iwe *The Small One*, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1978, ikiongozwa na Don Bluth. Ni habari ya kijana karibu na Nazareti na punda wake mzee. Baba asema punda hawezi mzigo tena, auzwe, na bei ni kipande kimoja cha fedha. Kijana ampeleka mjini mwenyewe. Wa kwanza kumtaka ni mtengeneza ngozi, naye hataki punda, ataka ngozi yake tu. Wafanya biashara wamcheka. Mnadani wamfanyia mzaha. Jioni kijana amekaa analia, ndipo ajapo mtu mpole mwenye kutafuta mnyama wa kumchukua mkewe mpaka Bethlehemu. Mtu huyo ni nani, msiwaambie watoto. Waacheni wamtambue wenyewe, na mtaona watakavyopiga kelele! Watoto wa Handeni na Korogwe, ambao huwaona punda wa Wamasai wakipita na mizigo, hawahitaji kufafanuliwa maana ya punda mzee. Pale kwa mtengeneza ngozi tu, wadogo washikwe mkono.

Ya pili ni *The Snowman*, ya Uingereza, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Desemba 1982. Hii haina maneno, ila wimbo mmoja katikati, kwa hiyo bibi na mjukuu wako sawa. Mtoto atengeneza mtu wa theluji. Usiku wa manane mtu yule apata uhai, waingia nyumbani pamoja, kisha waruka angani mpaka kaskazini ya mbali, ambako mtoto apewa skafu na Baba Noeli. Theluji mtaieleza kwa ile nyeupe ya kilele cha Kilimanjaro, kwa kuwa wengi mmepita Moshi. Lakini fahamuni mapema mwisho wake. Asubuhi mtoto akimbia nje akuta kofia na bonge dogo tu la theluji: rafiki ameyeyuka. Skafu ingali mfukoni. Mtoto apiga magoti, na picha yaisha hapo.

Wako wazazi wazimao televisheni kabla ya hapo. Mimi sikubaliani nao. Raymond Briggs, aliyeandika kitabu chake mwaka 1978, hakuweka Noeli ndani yake kamwe. Baba Noeli aliongezwa na watengenezaji wa filamu. Yeye alitaka kuwaonyesha watoto kwamba tuwapendao huondoka. Nyumbani kwetu kuna mikeka ya matanga mwaka hata mwaka, na watoto hukaa papo hapo wakitutazama wala hawaelezwi neno. Mtoto akiuliza, “Amekwenda wapi?” basi mmepata nafasi ya kumtaja babu aliyezikwa mwezi wa sita. Mjibuni. Televisheni iwe imezimwa, na chai iwe mezani.

*A Charlie Brown Christmas* ilionyeshwa Marekani tarehe 9 Desemba 1965. Wakubwa wa televisheni waliiona polepole mno, tena hawakupenda mtoto asome Injili hewani. Charles Schulz, mwenye kuiandika, hakukubali kuliondoa, na watu mamilioni wakaitazama. Ina maneno mengi, na mizaha yake mingine haitafika kwetu. Lakini mtoto aitwaye Linus akisimama jukwaani peke yake, simamisheni filamu. Fungueni Luka sura ya 2, aya ya 8 mpaka ya 14, na mmoja wa watoto wenu asome kwa Kiswahili, kisha endeleeni. Kile kimti chao kinyonge nacho kitawafurahisha wale waliokata tawi la mvinje wakalisimamisha katika kopo.

*The Little Drummer Boy* ya 1968 ni ya vibonde, si ya kuchora. Ni nzuri, lakini ina wezi wauao wazazi na kuchoma nyumba. Si ya mtoto wa chini ya miaka saba. *Grinch* ya 1966 yachekesha sana, na yasema kweli kwamba sikukuu haitoki dukani, ingawa hori la Bethlehemu halimo. Nyingine nyingi ni Baba Noeli na zawadi, zawadi na Baba Noeli. Hazina dhambi. Lakini mtoto wa mkulima akizitazama kutwa, jioni atauliza kwa nini Baba Noeli haijui njia ya Kwamndolwa.

Tena neno moja la kazi: mkitiliwa filamu kwenye flashi na kijana wa dukani, itazameni yote ninyi wenyewe usiku wa kabla. Flashi hizo huchanganya mambo.

Na wale wasio na televisheni? Kwenu namtaja Bi. Lotte Reiniger, Mjerumani, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899. Huyu hakuchora, alikata watu na wanyama kwa mkasi katika karatasi nyeusi, akaunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akawasogeza kidogo kidogo huku akiwapiga picha moja moja. Hivyo ndivyo alivyofanya *The Star of Bethlehem* mwaka 1956: vivuli vitupu.

Vivuli hata nyumba ya udongo inavyo. Tundikeni shuka jeupe mlangoni, taa iwe nyuma yake, watazamaji mbele. Kateni boksi la sabuni: Maria, Yosefu, wachungaji, nyota yenye tundu ili mwanga upite. Punda mkateni masikio marefu, asije akadhaniwa mbuzi. Vijiti viwe vya makuti. Bibi asimulie kwa Kisambaa au Kizigua, kama apendavyo, na watoto wasogeze. Taa iwekwe mbali na shuka, na ndoo ya maji iwe karibu.