Kiingereza cha Mtandaoni Kiwekwe Ghalani

KILA Januari watoto wetu waliomaliza shule za msingi za Serikali huingia Kidato cha Kwanza, na papo hapo hupatwa na jambo ambalo sisi watu wazima tumelizoea hata hatulioni tena. Miaka yote ya shule ya msingi mtoto amejifunza hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili. Sasa masomo karibu yote anapewa kwa Kiingereza: vitabu ni vya Kiingereza, maswali ni ya Kiingereza, na majibu yatakiwa kwa Kiingereza. Mtoto ajuaye vema jinsi jani linavyoutengenezea mmea chakula aweza kupata sifuri katika swali la jani, kwa sababu swali lenyewe hakulielewa. Na mbele yake, mwisho wa mwaka wa pili, umo Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao asiyeufaulu hurudia darasa.

Hatukusudii leo kufufua mabishano ya lugha ya kufundishia. Mabishano hayo ni makongwe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari tangu mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi hii wakakuta kwamba Kiingereza cha wengi wao hakitoshi hata kuyafuata masomo. Hata hivyo walishauri Kiingereza kibaki na kisaidiwe, ukaja mradi wa Waingereza wa kuleta mashuleni vitabu vyepesi vya kusoma. Nao mradi ukaisha, kama miradi ya wafadhili iishavyo. Watu wazima waweza kuendelea kubishana miaka mingine 40 wakipenda. Mtoto aliyeko Kidato cha Kwanza mwaka huu hana miaka 40. Anayo miwili.

Siku hizi tunaambiwa kwamba dawa imekwisha kupatikana, nayo ni mtandao. Ukilalamika kwamba shule ya kata haina vitabu vya kutosha, utajibiwa na mtu mwenye simu nzuri mkononi kwamba kila kitu kimo humo. Twakubali nusu ya maneno yake. Vitu vimo kweli. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa Marekani na Michael Hart mwaka 1971, unatoa vitabu zaidi ya 70,000 bila malipo, vingi vikiwa vya Kiingereza. BBC, ambayo imefundisha Kiingereza kwa redio tangu mwaka 1943, leo ina masomo yake mtandaoni. Shirika la Saide la Afrika Kusini limeanzisha African Storybook, hazina ya hadithi fupi zenye picha kwa Kiingereza na kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hapa kwetu Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika Maktaba Mtandao yake, na Shule Direct, kazi ya Watanzania wenyewe, yatoa masomo yanayofuata mtaala wa sekondari. Mtoto wa miaka ya 1960 aliyegombania kitabu kimoja na wenzake wanne angeviona hivi kuwa ni miujiza.

Illa sokoni kujaa chakula si nyumbani kushiba.

Jambo la kwanza ni uzito wa maneno. Vitabu vingi vya Gutenberg ni vile ambavyo haki za waandishi wake zimekwisha muda, maana yake ni vya zamani. Kumpa mtoto wa Kidato cha Kwanza riwaya ya Charles Dickens, ati kwa kuwa ni ya bure, ni sawa na kumkaribisha mgeni aliyeshuka melini jana, asiyejua Kiswahili, ukampa asome tenzi za kale za Lamu. Atakaa nazo kwa adabu, atafungua kurasa, wala hataambulia kitu. Wataalamu Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba mtu apate kufurahia na kuelewa hadithi ya lugha ya kigeni bila msaada, yafaa ajue kama maneno 98 katika kila maneno 100. Kwa hiyo kipo kipimo ambacho mzazi yeyote aweza kukitumia, hata kama Kiingereza chake mwenyewe ni cha kuombea maji. Mhesabie mtoto maneno 100 katika ukurasa. Mwambie apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Mistari ikiwa miwili au mitatu, aendelee kusoma. Ikiwa kumi, kitabu hicho kingoje. Mpe chepesi zaidi, hata kama ni hadithi ya sungura ya watoto wadogo, na asione haya. Watoto wengi wamekichukia Kiingereza si kwa uvivu, bali kwa kupewa mzigo wa punda wangali ndama.

Jambo la pili ni la kuogopesha zaidi, nalo ni kwamba mali hii si yetu. Tutoe mfano ulio wazi. Tarehe 19 Oktoba, 1959, Sauti ya Amerika ilianza kutangaza habari kwa Kiingereza chepesi: maneno ya msingi kama 1,500 tu, sentensi fupi, na msomaji akisema polepole kuliko kawaida. Kwa miaka zaidi ya 60 watu wa mataifa mengi walijifunza kwa sauti hiyo, kwanza redioni na baadaye mtandaoni, ambako mwanafunzi aliweza kusikiliza huku akifuata maandishi kwa macho. Kwa mtoto wa sekondari wa nchi kama yetu hapakuwa na vitu vingi vilivyomfaa kuliko hicho. Basi mwezi Machi 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kulipunguza shirika linaloisimamia redio hiyo. Watumishi karibu wote wakaambiwa wakae nyumbani, na masomo mapya ya Kiingereza yakasimama. Hakuna mwalimu wa Tabora wala wa Mtwara aliyeulizwa shauri. Hatusemi Wamarekani wametudhulumu: redio ni yao na fedha ni zao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu si ndugu.

Lakini mwangalieni mwalimu aliyekuwa amepakua masomo hayo 200 akayaweka katika kompyuta ya shule. Yeye anayo hadi leo. Anafundisha nayo kama jana, wala hana kosa, kwa kuwa maandishi yaliyotungwa na redio hiyo yenyewe ni mali ya umma na kila mtu aruhusiwa kuyanakili. Tofauti ya mwalimu huyu na mwenziwe aliyekuwa akifungua tovuti kila asubuhi ni kwamba mmoja alikuwa na ghala na mwingine alikuwa na njia ya kwenda sokoni.

Na njia nayo hukatika. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya nchi yetu na ya jirani zetu ikazorota kwa siku kadhaa. Maofisi yalilalamika, mabenki yakalalamika. Mtoto aliyekuwa akitegemea kujisomea mtandaoni juma lile hakusikiwa na mtu.

Tena iko bei. Simu nyumbani mara nyingi ni moja, na mwenyewe yuko zamu ya usiku bandarini au njiani na lori. Arudipo, bando limekwisha. Yafaa ijulikane kwamba vitu vya mtandaoni havina uzito sawa: saa moja ya filamu yaweza kumeza mamia ya megabaiti, lakini riwaya ya kawaida iliyo maandishi matupu haizidi megabaiti moja. Wenye kutengeneza masomo hupenda filamu kwa kuwa zinapendeza. Mfanyakazi anunuaye bando la siku afikiri kwa namna nyingine: mtoto apewe maandishi na sauti kwanza, filamu baadaye, kama fedha imesalia.

Sisi twaona kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa kila nyumba ijitetee peke yake. Ikiachwa hivyo, mtandao utawaongezea walio nacho na kuwaacha wengine pale pale. Ipo programu iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Masomo hupakuliwa mara moja na kuwekwa katika kompyuta moja; kompyuta nyingine na simu zilizomo chumbani huyasoma kutoka kwenye ile moja, bila bando hata la senti. Hadithi za African Storybook zimo katika hazina yake, na masomo ya Khan Academy yamo. Chumba kimoja, kompyuta moja iliyo nzima, na mtu mmoja mwaminifu wa kushika ufunguo: kwa vitu vitatu hivyo kata moja yaweza kuwa na maktaba ya Kiingereza ambayo wakubwa zetu hawakuwahi kuiota.

Vyumba vipo. Matawi ya Chama yana ofisi. Vyama vya wafanyakazi vina kumbi. Na ofisi nyingi za umma hufungwa saa tisa na nusu alasiri, saa ile ile watoto warudipo kutoka shuleni. Shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, na sisi hatuna ugomvi na katazo hilo. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka mahali pa kusomea penye mtu mzima. Walimu waliostaafu wapo katika kila mji, na wengi wao wangefurahi kuitwa. Kompyuta kuukuu zinazotupwa stoo maofisini kila zinunuliwapo mpya, badala ya kupigwa mnada kwa bei ya vyuma chakavu, zingetosha kuanzia. Jambo lisilopatikana ghalani wala mnadani ni uchaguzi. Lazima mwalimu wa Kiingereza akae, achague hadithi 50 nyepesi, kisha 50 za kati, kisha 50 nzito kidogo, aziandike katika daftari kwa utaratibu huo. Kumwachia mtoto wa miaka 13 hazina yote achague mwenyewe ni kumwacha baharini kwa sababu maji ni mengi. Na kazi hiyo ya mwalimu ihesabiwe kuwa kazi, ilipwe, isifanywe sadaka.

Tuseme neno pia juu ya hizi programu za akili mnemba, ambazo zimeenea tangu ChatGPT ilipotokea mwishoni mwa mwaka 2022. Mtoto aweza kuiambia mashine imtungie insha ya Kiingereza kuhusu siku ya soko, na kabla hajafumba macho insha iko tayari, haina kosa. Mwalimu atasahihisha insha ya mashine, mzazi atafurahia alama za mashine, na chumba cha mtihani, ambamo simu haiingii, kitamwonyesha kila mtu nani aliyesoma. Chombo hicho hicho chaweza kumfaa mtoto akikitumia kinyume chake: aandike yeye kwanza, kwa mkono, sentensi tano zake mbovu, kisha aulize makosa yako wapi na kwa nini. Yule aliye chumbani na ufunguo ndiye wa kuhakikisha kwamba karatasi imeandikwa kabla mashine haijafunguliwa. Hakuna aliyejifunza lugha kwa kuitazama. Lazima aivunje-vunje kinywani mwake na katika daftari lake, achekwe kidogo, arudie.

Sasa, wakati gani? Watoto hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwezi Septemba. Tangu siku hiyo hadi Januari wako nyumbani, zaidi ya miezi mitatu. Wazazi wenye uwezo huwalipia watoto wao masomo ya Kiingereza ya kujiandaa na Kidato cha Kwanza. Mtoto wa kuli na mtoto wa mama lishe huuza karanga au huchunga wadogo zake, naye Januari huketi dawati moja na yule aliyekwisha kuandaliwa. Mbio zimeanza mmoja akiwa katikati ya uwanja. Na hali itakazwa zaidi, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, yataka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Watakaoingia Kidato cha Kwanza watakuwa wengi kuliko leo, na wadogo kwa mwaka mmoja.

Hadithi tatu nyepesi kwa juma, kwa majuma 14, ni hadithi 42. Mtoto aliyezisoma 42, akazisikiliza, na kuandika sentensi tano baada ya kila moja, hatakuwa Mwingereza, lakini swali la jani atalisoma hadi mwisho. Twawataka makatibu wa matawi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi waanze mwezi huu kuitafuta kompyuta moja na chumba kimoja katika kata zao, na wawaendee walimu wa Kiingereza walio karibu nao kuomba orodha. Kupakua kwenyewe ni kazi ya siku mbili penye mtandao mzuri. Ifanyike kabla ya Septemba.